Mgeni Aliyechepuka

Mvua ilianza alfajiri, na mvua ndiyo kitu Wijdan alichokichukia kuliko vyote katika kazi yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Burj al-Barajneh nyaya za umeme na mabomba ya maji hupita pamoja juu ya vichochoro, vimesokotana kama nywele zisizojua kitana, na kukinyesha hata ukuta unaweza kukuua. Nizar, kaka yake, fundi bomba aliyezaliwa humo humo na kuvijua vichochoro vyote hata akiwa amefumba macho, alishika mlango wa chuma wa jirani msimu wa baridi wa mwaka juzi. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Kwa hiyo asubuhi ile, pale langoni, Wijdan aliwaambia wageni wake kabla hata ya kuwaambia jina lake: mikono mifukoni, msiguse ukuta, msiguse mlango, anayeteleza aanguke tu, asishike kitu.

"Wangapi leo?" aliuliza Abu Ayham.

Abu Ayham alikuwa mtu wa kamati ya usalama ya kambi. Walikaa dawati moja na Wijdan darasa la tatu, na tangu wakati huo hakuwahi kuacha kumtania.

"Saba."

"Nisomee."

Akamsomea majina. Lilipofika la mwisho, Abu Ayham akainua kidole. "Huyu Tomas Keller ni nani? Mwandishi wa habari?"

"Mwalimu wa hesabu. Katoka Berlin."

"Walimu wa hesabu ndio hatari. Umesahau fimbo za Ustadhi Fawzi?" Akacheka, kisha kicheko kikakatika, akamsogelea. "Wijdan, nisikilize. Yule mgeni wa kamera wa mwezi uliopita alitutoa jasho. Kamati imesema likizuka jingine, ziara basi. Si kufungiwa wiki mbili kama juzi. Basi kabisa."

"Nimesikia."

"Umesikia kwa sikio lipi? La kuume au la kushoto?"

"Yote mawili, Abu Ayham. Tupishe, wageni wanalowa."

Lakini neno lile lilimkaa kifuani. Ziara zile ndizo zilizokuwa zikiiendesha chekechea ya kituo chao. Ziara zikifa, watoto arobaini wangerudi kushinda vichochoroni, chini ya zile nyaya.

Akawatanguliza. Aliwaeleza kama alivyowaeleza mamia kabla yao: jinsi watu wa vijiji vya Galilaya walivyofika hapa wakikimbia vita mwaka arobaini na nane na miezi iliyofuata, wakipewa mahema wakidhani ni ya wiki chache, jinsi kila kijiji kilivyojipanga pamoja, wa Tarshiha huku, wa Kabri kule, wa Kuwaykat upande ule, hata leo mtaa unaitwa kwa jina la kijiji ambacho aliyezaliwa humo hajawahi kukiona. Hema likawa kuta za matofali na paa la bati, bati likawa zege, na kwa kuwa ardhi haikuongezeka, nyumba zikaanza kupanda juu. Ndege ikapita chini chini kuelekea uwanjani, akanyamaza mpaka ikaisha, kama wanavyofanya watu wote wa Burj, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Mama mmoja Mholanzi aliuliza kama angeweza kuona ufunguo wa nyumba ya zamani iliyoachwa kijijini. Wageni wote huuliza ufunguo.

"Kwetu mlango ulifungwa kwa kipande cha mti na kamba," Wijdan akamjibu. "Kamba tuliisahau."

Wakacheka, ila Tomas Keller. Huyu alikuwa wa mwisho katika mstari, mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na nne hivi, koti la mvua la kijani. Wenzake walitazama nyaya. Yeye alitazama vizingiti vya milango, mmoja mmoja, na kila baada ya hatua chache mkono wake uliingia kifuani mwa koti na kutoka. Alikuwa akichungulia karatasi.

Walipokaribia kona ya duka la mikate, alimsogelea Wijdan akamwuliza kwa Kiingereza cha taratibu, "Kile kisima cha watu wa Kuwaykat bado kipo?"

Wijdan akageuka akamtazama. "Kilifukiwa kabla sijaanza shule. Umekijuaje?"

"Nilisoma mahali."

Hakuna mahali palipoandikwa habari za kisima kile. Wijdan mwenyewe alikisikia kwa mama yake. Mtu anayekuja kwa jina la ualimu, akaulizia vitu vilivyofukiwa, akachungulia karatasi iliyofichwa: kambini kuna neno moja la mtu wa namna hiyo, na neno hilo halisemwi kwa sauti. Akajikemea. Akajiambia huenda ni msomi, wasomi hujua mambo ya ajabu. Lakini tangu hapo kila alipogeuka, alimtafuta kwanza yeye.

Akamwona kwenye ngazi za msikiti. Akamwona kwa kinyozi. Kisha wakaingia kile kichochoro chembamba ambacho watu hupita ubavu ubavu, umeme ukakatika, giza likawafunika, mama wa Kiholanzi akapiga kelele kidogo, na Wijdan akalazimika kumshika mkono mpaka mwisho. Walipotokea kituoni, Umm Lamis, mpishi, alikuwa amekwisha kupanga vikombe vya chai ya mnanaa na sahani za mikate ya zaatari, yale majani makavu ya viungo.

"Vikombe saba," akasema Umm Lamis. "Mbona vichwa sita?"

Wijdan akahesabu. Akahesabu tena akianzia upande wa pili, kana kwamba mtu angeweza kupatikana kwa kubadili upande.

"Washikilie hapa," akanong'ona. "Wape chai ya pili. Wape ya tatu. Waonyeshe nakshi za akina mama, wauzie, waimbie, lakini asitoke mtu."

"Na wewe?"

"Nimesahau kitu."

"Kitu chenye miguu," akasema Umm Lamis, lakini uso wake haukucheka.

Wijdan alirudi mbio njia waliyopita. Kichochoroni hapakuwa na mtu. Kwa kinyozi, kinyozi alitikisa kichwa. Alijua analopaswa kufanya: kumpigia simu Abu Ayham na kumwambia mgeni amepotea. Ndiyo kanuni. Kidole kikafika kwenye jina lake, kikaganda. Kupiga ni kuifunga chekechea kwa mkono wake mwenyewe. Kutopiga ni kumwacha mtu asiyejua Kiarabu atangatange peke yake katika mvua, kati ya vijana wenye silaha upande mmoja na kuta zenye umeme upande mwingine. Akarudisha simu mfukoni.

Duka la mikate. "Abu Shakib, umemwona mzungu mrefu wa koti la kijani?"

"Wenzako wanatafuta waume, wewe una mume nyumbani unatafuta wazungu," akasema muuza mikate, unga mpaka kwenye kope. Alipoona uso wa Wijdan akaacha mzaha. "Kapita hapa. Alisimama pale palipokuwa kisima, akageuka hivi, akageuka hivi, kama mtu anayepima. Akaelekea Kuwaykat."

Wijdan hakungoja zaidi. Hatua ya ishirini simu ikalia. Abu Ayham.

"Wageni wako wote wako nawe?"

"Wako nami." Uongo ulitoka mwepesi.

"Ajabu. Kijana wangu anasema kuna mzungu Kuwaykat anashika milango ya watu."

Anashika milango. Hapo hapo, kana kwamba mtu alikuwa akisikiliza, taa moja ya dukani ikawaka, ikafuata nyingine, na vichochoro vyote vikaanza kuvuma. Umeme ulikuwa umerudi.

"Nilimtuma," akasema Wijdan, bila kujua anasema nini. "Nilimtuma mbele. Nipo nyuma yake."

"Nakuja," akasema Abu Ayham, akakata.

Alikimbia. Alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuwa amekimbia hivyo tangu siku ya Nizar, na miguu yake ilikumbuka; ilimpeleka kwa namna ile ile, macho yakitafuta chini badala ya mbele, yakitafuta kiatu, mkono, koti. Kwenye kona akasikia watu wakipiga kelele. Wanawake watatu na wanaume kadhaa walikuwa wamekusanyika wakitazama chini. Wijdan akajisukuma katikati yao huku akisema, "Msimguse, msimguse!"

Lilikuwa tangi la maji. Lilikuwa limeanguka kutoka darini na kupasuka, na mwenye tangi alikuwa akimlaani fundi aliyelifunga, baba wa fundi na babu wa fundi.

"Nani tusimguse, Wijdan?" akauliza mwanamke mmoja. "Una nini?"

"Mgeni wangu. Mrefu."

"Yule aliyelowa kama paka? Kaingia kwa Hajja Fidda."

Wijdan akaegemea hewa, maana ukuta hakuthubutu. Kati ya milango yote. Hajja Fidda alikuwa na miaka sabini na mitano, presha na ulimi. Mara ya mwisho Wijdan alipomwomba awapokee wageni aeleze habari za kijiji, bibi alimfukuza kwa ufagio mpaka dukani. "Mimi si simba wa maonyesho," alisema. "Waambie wakanunue tiketi ya sarakasi."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya godoro la sakafuni, Tomas Keller alikuwa amekaa magoti yakimfika kidevuni, taulo mabegani. Alikuwa mzima. Wijdan alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa mkono ule ule.

Hajja Fidda alikuwa amesimama mbele ya jiko la mafuta. "Ndiyo, malkia wa watalii," akasema. "Huyu ni wako? Kabisha hodi, kafunguliwa, kaanza kulia. Nimemwuliza una njaa, analia. Nimemwuliza umepotea, analia. Nikasema huyu ama ana homa ama ana mke mbaya."

"Samahani, Hajja. Namchukua sasa hivi."

"Hajanywa chai. Mwulize kwanza ana nini."

Wijdan akachutama mbele yake. "Bwana Tomas," akasema kwa Kiingereza, kwa hasira ya chini chini, "unajua ungekufa? Unajua umenifanyia nini?"

"Nisamehe." Akatoa ile karatasi. Ilikuwa bahasha ya hospitali, imechanwa na kufunguliwa, na upande wa nyuma kulikuwa na mistari iliyochorwa kwa kalamu na mkono unaotetemeka: kisima, duka la mikate, ngazi, mlango. Kando ya mlango, kwa Kiarabu, jina moja: Fidda. "Kachora baba yangu. Yunis. Alifariki Novemba, Berlin. Huyu ni dada yake. Sikukwambia kwa sababu niliogopa mngemwuliza kwanza, naye akakataa."

Masikio ya Wijdan yakaziba. Kila mtu wa Kuwaykat alimjua Yunis ndugu wa Fidda, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliokufa. Kambi ilipozingirwa mwaka themanini na sita, mama yao akiwa hoi kwa kukosa dawa, Yunis alijipenyeza nje kupitia bomba la maji machafu kwenda kuitafuta, asirudi tena. Mama alikufa wiki tatu baadaye. Mwili wa Yunis haukuonekana. Fidda alizitoa bangili zake zote kwa watu walioahidi kumtafuta magerezani, na tangu alipokata tamaa, hakuna Ijumaa iliyopita bila kumsomea Fatiha.

"Anasema nini?" akauliza bibi.

Kazi yote ya Wijdan ilikuwa kusema, na sasa akawa anachagua la kusema. Angeweza kusema huyu ni mtoto wa rafiki wa marehemu. Angeweza kusema anatafuta nyumba nyingine. Ndugu aliyekufa akitafuta dawa ya mama ni heshima. Ndugu aliyeishi miaka thelathini na sita asiandike barua ni kitu gani? Na ile presha? Mwaka jana tu walimbeba Hajja Fidda kwenye kiti mpaka barabarani kwa sababu gari la wagonjwa haliingii. Kama angeanguka sasa, nani angekuwa amemwangusha? Si huyu Mjerumani. Ni yeye, kwa Kiarabu chake safi.

"Wijdan binti Saniya, nakuuliza. Mtu anasema Yunis, nimesikia kwa masikio yangu, amesema Yunis. Usinipake asali midomoni. Mimi nimezika watu kabla hujazaliwa."

"Kaa kwanza, Hajja."

"Nimekaa miaka sabini na mitano. Sema."

Wijdan akamwomba Tomas aeleze tangu mwanzo, akawa anasema kwa Kiarabu alichokisikia. Alisema kama anavyofasiri siku zote, sentensi kwa sentensi, bila kupunguza, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kulibeba jambo lile. Alisema Yunis hakufa njiani. Alisema alifika upande wa pili, na aliposimama ule upande wa pili, woga ulimshika miguu, akashindwa kuingia tena katika lile bomba. Kila siku alijiambia kesho. Kisha akasikia mama amekufa, na baada ya hapo hakuthubutu kumtazama mtu yeyote aliyemjua. Alipata njia ya Berlin. Alioa, akazaa huyu mmoja, hakumfundisha Kiarabu hata neno, na nyumbani kwake neno Burj halikutajwa mpaka alipokuwa kitandani mwa hospitali akiomba kalamu.

Ndege ikapita.

"Novemba ipi?" akauliza Hajja Fidda.

"Hii iliyopita."

Bibi alikaa, taratibu, pembeni kabisa ya godoro. Rangi yake ilikuwa imekuwa ya majivu. Wijdan akamshika kifundo cha mkono akitafuta mapigo, akayakuta yanakwenda mbio, naye akaanza kuhesabu kimoyomoyo nani wa kumbeba, kiti kiko wapi, barabara iko umbali gani.

Hapo Abu Ayham akaingia, kofia ikimchuruzika maji, na kijana mmoja mwenye bunduki nyuma yake. Alimtazama Tomas, akamtazama Wijdan. "Kwa hiyo ndiyo 'wako nami' hii?"

"Abu Ayham, nitakueleza."

"Utaieleza kamati. Bwana, simama. Begi lako."

"Nyumbani kwangu hasimamishwi mtu," akasema Hajja Fidda. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kijana mwenye bunduki alirudi nyuma hatua moja. "Umeingia na viatu, mwana wa Khazna. Mama yako angeona."

"Hajja, huyu mtu hatumjui."

"Mimi namjua. Mtazame masikio. Yanashikana na shavu bila ndewe. Baba yangu hivyo. Yunis hivyo." Pumzi ikamwishia, akaivuta tena. "Ni mtoto wa Yunis. Yunis alikuwa hai. Nenda ukawaambie watu, maana mimi siwezi kulisema mara mbili."

Abu Ayham akavua viatu, ingawa alikuwa anatoka. Mlangoni alimwambia Wijdan kwa sauti ya chini, "Ulinidanganya kwenye simu."

"Nilikudanganya."

"Kamati nitaiambia alikuja kutembelea jamaa, nawe ulimsindikiza. Lakini mimi na wewe tunajua. Usirudie." Akaenda zake na kijana wake, viatu mkononi, soksi zikinywa maji.

Tomas hakuelewa chochote. Alikuwa akiwatazama kwa zamu kama mtuhumiwa anayesubiri hukumu kwa lugha ya wengine. "Ananichukia?" akauliza.

Wijdan akafasiri.

"Mwambie," akasema Hajja Fidda, "kwamba baba yake ni mwoga, na mama yangu alikufa akimwita. Mwambie hivyo hivyo, usimlainishie." Akangoja mpaka Wijdan amalize. Tomas aliinamisha kichwa, akaitika. "Mwambie sijamsamehe baba yake, na sijui kama nitamsamehe. Halafu mwulize anakula bamia?"

Wijdan aliwarudisha wale sita langoni jioni, akili haipo. Usiku ule hakulala. Alikuwa na hakika asubuhi angeitwa msibani. Kulipokucha alikwenda Kuwaykat moja kwa moja, akamkuta Hajja Fidda amekaa mlangoni, macho mekundu, anachambua dengu.

"Umekuja kunizika? Nenda kamwite hotelini kwake. Nina maswali. Usiku nimeyahesabu, yamefika kumi na tisa."

Siku nne Wijdan alikaa katikati yao, maswali huku, majibu huku. Majibu mengine yalikuwa mazuri: kwamba Yunis alilima nyanya kwenye ndoo darini Berlin. Mengine yalimfanya bibi atoke nje asimame kichochoroni peke yake. Siku ya tatu alimpeleka mpwa wake makaburini, akamwonyesha kaburi la bibi yake, na walipokuwa wakirudi Wijdan aliona amemshika mkono wa koti, si kwa mapenzi hasa, bali kama mtu anavyoshika kitu asichokiamini kwamba hakitaondoka.

Tomas aliondoka Ijumaa. Aliahidi kupiga simu Jumamosi.

Jumamosi hakupiga. Jumapili Hajja Fidda alimwita Wijdan mara tatu aitazame simu kama haijaharibika. "Sijali," alisema. "Ni damu ile ile. Nilijua." Jumatatu hakula. Wijdan alimtumia Tomas ujumbe, ukabaki bila jibu, na moyo wake ukaanza kumlaumu upya: heri ningedanganya, heri ningemwachia marehemu wake.

Jumanne saa nane mchana simu ikalia juu ya meza. Namba ndefu, ya nje. Wijdan akairukia.

"Usipokee," akasema bibi.

"Hajja!"

"Mwache alie kidogo. Siku tatu nzima!" Ikalia mara nne, mara tano. "Haya, pokea. Mwambie nimelala."

Wijdan akapokea. Tomas alikuwa akisema haraka haraka: homa, mvua ile, hospitali siku mbili, simu imekwisha chaji, samahani, samahani sana. "Shangazi yupo?" Neno hilo alilisema kwa Kiarabu, vibaya, herufi zimepinda.

"Anasema alikuwa mgonjwa," Wijdan akaanza kufasiri. "Anasema..."

Hajja Fidda alikwisha kumpokonya simu. "Mgonjwa wa nini?" akafoka kwa Kiarabu, mdomo umegusa kioo, kwa mtu asiyeelewa hata neno moja. "Umevaa nini huko? Unakula? Nani anakupikia?" Na kule Berlin yule kijana, asijue ameulizwa nini, akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo.